Utambi Ukikauka Huungua

Hakuna mama wa nyumbani aliyepata kutumia taa ya mafuta ambaye haijui harufu ya utambi mkavu. Mafuta yanapokwisha ndani ya kibatari, mwali hauzimiki mara moja. Kwanza hupungua, kisha hugeuka mwekundu, halafu hutoka moshi mchungu unaokereketa koo. Wakati mafuta yamo, kinachoungua si utambi bali ni mafuta. Utambi ni njia tu ya kuyapandisha. Mafuta yasipofika, moto huila njia yenyewe.

Jambo hilo la kale limerudi majumbani kwa sura mpya. Safari hii halimo katika taa, bali katika sigara ya umeme, chombo ambacho kimekwisha kuwafikia watu wengi katika miji ya Afrika Mashariki. Wenye kukitumia hulalamika mara kwa mara kwamba, pasipo sababu wanayoijua, mvuke hugeuka ghafla ukawa na ladha ya kitu kilichoungua. Wengine hukitupa chombo. Wengine huvumilia. Wote wawili hukosea, maana ladha hiyo ina sababu zake, na kila sababu ina dawa yake.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Gihundwe, wilayani Rusizi, juu ya Ziwa Kivu. Baba wa nyumba hiyo alivuta sigara za tumbaku kwa miaka ishirini. Mdogo wake alipomletea sigara ya umeme kutoka Kigali, aliziacha zile za tumbaku, na miezi miwili ikapita bila ya kununua hata moja. Kisha ladha ya kuungua ikaanza. Kila akivuta, anakohoa. Mkewe anaona wazi kwamba mumewe yumo njiani kurudi kwenye sigara za zamani. Shangazi yake mzee, aliyelelewa kwa mwanga wa kibatari ambacho watu wa huko hukiita agatadowa, anainusa hewa ya sebuleni na kusema:

"Mwanangu, utambi wako umekauka."

"Hapana, Shangazi. Tazama, tangi limejaa."

"Kujaa kwa tangi ni jambo moja. Kufika utambini ni jambo jingine."

Maneno hayo machache ndiyo elimu yote ya jambo hili. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini kimiminika huweza kuwamo tangini kisifike utambini.

JINSI CHOMBO KINAVYOFANYA KAZI

Sigara ya umeme haina moto wala majivu. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1965, lakini hakikuenea. Kile kinachojulikana leo kilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Tangu hapo maumbo yamebadilika mara nyingi, lakini sehemu zake kubwa zimebaki nne: betri, koili, utambi na tangi.

Koili ni waya mwembamba uliosokotwa, ambao hupata joto umeme unapopita. Katikati yake, au kuizunguka, huwekwa utambi wa pamba. Utambi hunywa kimiminika kutoka tangini kupitia matundu madogo yaliyo ubavuni mwa koili, na joto la waya hukigeuza kuwa mvuke.

Kimiminika hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa vitu viwili, yaani propilini glaikoli na gliserini, pamoja na vionjo na mara nyingi nikotini. Propilini glaikoli huchemka kwa joto la nyuzi 188 hivi, na gliserini kwa nyuzi 290 hivi. Ikumbukwe kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, na katika mwinuko wa Gihundwe huchemka kwa nyuzi 95 hivi tu. Basi joto linalofanya kazi ndani ya kitu hicho kidogo ni kubwa kupita la birika la chai.

Kinachouokoa utambi ni unyevu wake. Sufuria yenye maharagwe na mchuzi haiungui, kwa kuwa joto lote hutumika kuchemsha maji. Mchuzi ukikauka, maharagwe hushika chini na nyumba nzima hujua. Hali kadhalika, koili ikipata joto wakati pamba haina kimiminika cha kutosha, joto hupanda upesi na pamba huungua. Huo ndio mvuto mkavu.

SABABU NA DAWA ZAKE

Kabla ya kufungua chochote, yafaa mtumiaji ajiulize swali moja: ladha hiyo huja wakati gani? Jibu lake huonyesha mahali pa kuanzia.

Ikija katika mvuto wa kwanza wa koili mpya, yaelekea koili haikuloweshwa. Pamba ya koili mpya ni kavu kama pamba ya duka la dawa. Apasaye kuiweka hudondoshea matone machache juu ya pamba kupitia matundu yake, akalifunga tangi, akalijaza, akalisimamisha kwa dakika tano hadi kumi. Baadaye huvuta mara mbili tatu bila ya kubonyeza kitufe, ili kimiminika kiingie pambani. Mwisho huanza kwa nguvu ndogo ya umeme na kupandisha polepole. Asiyekuwa na subira ya dakika kumi huiunguza koili yake siku ile ile aliyoinunua.

Ikija baada ya mivuto mitatu minne ya haraka, tatizo ni pupa. Utambi huhitaji muda wa kunywa. Mtu akivuta mfululizo, koili hutumia kimiminika upesi kuliko pamba inavyokileta. Apumzike nusu dakika au zaidi kati ya mvuto na mvuto, na ladha itapotea ikiwa pamba haijaungua bado.

Ikija baada ya kubadili kimiminika, uchunguzwe uzito wake. Gliserini ni nzito kama asali nyepesi, na propilini glaikoli ni nyepesi zaidi. Kimiminika chenye gliserini nyingi, kwa mfano sehemu 70 kwa 30, hufaa koili zenye matundu makubwa. Kikitiwa katika koili ndogo yenye matundu membamba, hakiwezi kupita kwa wakati. Koili hizo hutaka mchanganyiko wa nusu kwa nusu au unaokaribia hapo. Baridi nayo huongeza uzito. Msafiri aliyetoka Kamembe alfajiri kwenda Huye, akapita msitu wa Nyungwe ambako baridi ni kali, asishangae chombo kilichokaa mkobani kikimpa ladha ya moto. Akiweke kwanza mfukoni karibu na mwili, kimiminika kipate joto na kulegea.

Ikija kila betri inapotoka kuchajiwa, sababu ni nguvu ya umeme. Hesabu yake si ngumu: volti huzidishwa kwa volti, kisha hugawanywa kwa ukinzani wa koili, ambao hupimwa kwa omu. Koili ya omu 1 ikipewa volti 3.7 hupata wati 14 hivi. Koili hiyo hiyo, betri ikiwa imejaa kabisa na kutoa volti 4.2, hupata karibu wati 18. Vyombo vingi vya siku hizi hurekebisha nguvu vyenyewe, lakini vile rahisi hutoa chochote betri iliyo nacho. Mwenye chombo chenye kurekebishwa asome kiwango cha wati kilichoandikwa ubavuni mwa koili, na akae upande wa chini wa kiwango hicho. Tena asisahau kwamba akitoa koili ya omu 1 na kuweka ya nusu omu bila ya kubadili volti, nguvu huwa maradufu.

Ikija ingawa tangi limejaa, nguvu ni ndogo na kimiminika ni chepesi, huenda hewa imeziba njia. Kimiminika hakiwezi kutoka tangini mpaka hewa iingie kushika nafasi yake, kama vile debe lenye tundu moja dogo lisivyomwaga vizuri. Mtumiaji akivuta na kuona hakuna kipovu hata kimoja kinachopanda tangini, alifungue tangi, aliache lipumue, kisha alifunge tena. Aangalie pia kwamba koili imekazwa sawasawa, na kwamba tangi halilazwi ubavu huku kimiminika kikiwa kidogo. Kikishuka chini ya matundu ya koili, tangi ni tupu kwa utambi hata kama macho huona tone.

Ikija polepole, siku baada ya siku, mwanzo kama sukari iliyoungua kisha kama mkaa, koili imezeeka. Vionjo vitamu huacha utandu mweusi juu ya waya, sawa na sukari inavyoganda chini ya sufuria. Utandu huo huzuia kimiminika na kuzidisha joto. Kwa mtu anayevuta kila siku, koili nyingi hudumu wiki moja au mbili tu; kimiminika kitamu sana huufupisha muda huo.

Wapo pia wanaojitengenezea utambi wao wenyewe. Kwao kosa kubwa ni kushindilia pamba. Pamba iliyobanwa mno ndani ya waya hainywi, na pamba iliyopwaya huacha waya wazi. Kipimo kizuri ni pamba inayopita ndani ya waya kwa kukwaruza kidogo, bila ya kuukunja wala kuuvuta.

Liko pia jambo ambalo halina dawa. Pamba ikiisha kuungua, haiponi. Haioshwi, haianikwi, wala haitiwi kimiminika kingi ili isahau. Mtumiaji aitoe koili na kuchungulia matunduni: pamba nyeupe au yenye rangi ya kimiminika bado ni nzima, pamba ya kahawia iliyokolea au nyeusi ni ya kutupwa. Katika vile vyombo vya kutumiwa mara moja, ambavyo havijazwi upya, ladha ya kuungua kwa kawaida huonyesha kwamba kimiminika kimekwisha. Anayeendelea kuvuta baada ya hapo anavuta moshi wa pamba.

KWA NINI ISIVUMILIWE

Baba wa Gihundwe aweza kusema kwamba ladha mbaya si ugonjwa, na kwamba koili mpya ni gharama. Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la ufundi na kuwa la afya.

Propilini glaikoli na gliserini zikipashwa joto kupita kiasi huvunjika na kuzaa vitu vingine, vikiwemo fomaldehaidi na akrolini. Akrolini anaijua kila mpishi, hata kama hajui jina lake: ni ule moshi unaochoma macho na koo mafuta yanapoungua kikaangoni. Fomaldehaidi iliwekwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Mnamo Januari 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walitangaza kwamba walipima mvuke wa sigara ya umeme. Kwa volti 3.3 hawakuona dalili ya vitu vyenye kubeba fomaldehaidi. Kwa volti 5 waliviona kwa wingi. Habari hiyo iliwashtua watu wengi. Mwaka huo huo Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo wa Ugiriki, pamoja na wenzake walitoa jibu. Waliwapa chombo wavutaji wenye uzoefu, wakawauliza ni wakati gani wanapata mvuto mkavu, kisha wakapima mvuke katika hali hizo hizo. Waliona kwamba katika matumizi ya kawaida vitu hivyo vilikuwa vichache, lakini katika mvuto mkavu viliongezeka kati ya mara 30 na mara 250. Hoja yao ilikuwa kwamba binadamu hawezi kuvumilia ladha hiyo, hivyo huacha kuvuta kabla ya kudhurika.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina sharti ndani yake: kwamba mvutaji ataacha. Mtu anayejikaza kwa sababu koili ni ghali, au kwa sababu nikotini inamwita, amelitupa lile kinga moja alilopewa na ulimi wake. Tena ndimi hazilingani. Mtu aliyevuta tumbaku kwa miaka mingi huenda asiitambue ladha mapema, na kionjo kikali chaweza kuificha. Basi kukohoa kwa ghafla na koo kukereketa vihesabiwe kuwa onyo sawa na ladha yenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wala pasiwe na mtu atakayedhani kwamba mvuke usioungua ni hewa safi. Nikotini humfanya mtu mtumwa hata bila ya moshi. Asiyepata kuvuta hana sababu ya kuanza, na mama mjamzito na kijana wakae mbali nacho kabisa. Aliyekitumia ili kuacha tumbaku, kama baba wa mfano huu, afanye hesabu ya kukiacha nacho pia hatua kwa hatua, akitaka ushauri wa mganga katika kituo cha afya.

Tahadhari nyingine ni ya kimiminika chenyewe. Kinapokuwa adimu, watu hushawishika kutia tangini chochote chenye utelezi. Mafuta ya aina yoyote, yawe ya kupikia au ya dawa, yasitiwe kamwe. Katika miaka ya 2019 na 2020 watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini au kufa nchini Marekani kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji wa mvuke. Uchunguzi ulionyesha uhusiano mkubwa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi vilivyouzwa kwa magendo. Kitu kinachofaa tumboni au ngozini si lazima kifae pafuni.

NYUMBA YENYE WATOTO

Mama wa nyumbani hujali zaidi yale yanayobaki mezani baba anapotoka. Chupa ya kimiminika hunukia embe au peremende, na mtoto mdogo huiona kuwa kinywaji. Nikotini ni sumu, nayo hupita hata ngozini. Chupa ifungwe na kuwekwa juu, mahali pamoja na dawa na mafuta ya taa. Ikimwagika mkononi, mkono uoshwe mara moja kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, akaanza kutapika, kutoka jasho au kulegea, asilazimishwe kutapika zaidi wala asingojewe kupona nyumbani. Apelekwe hospitali bila ya kukawia, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili mganga aisome. Kwa wakazi wa Gihundwe hospitali haiko mbali, basi udhuru wa kuchelewa ni mdogo.

Betri nayo isichajiwe juu ya godoro wakati wa kulala, wala isiwekwe mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Ikiisha kazi isitupwe motoni wala shimoni kwenye taka za jikoni. Rwanda ina kiwanda cha kushughulikia taka za vifaa vya umeme huko Bugesera, na yafaa vitu hivyo vikusanywe na kupelekwa kwa wahusika.

Kwa wale wanaovuka mipaka, wajue pia kwamba sheria hazilingani. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku, ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za umeme. Rwanda ilipiga marufuku shisha mnamo Desemba 2017. Kinachobebwa mkobani bila ya wasiwasi mahali pamoja kwaweza kumtia mtu mashakani mahali pengine.

HITIMISHO

Katika nyumba ile ya Gihundwe, koili inapofunguliwa pamba yaonekana nyeusi kama kaa. Kimiminika kilichomo ni kile kizito, na matundu ya koili ni membamba. Tangi lilikuwa limejaa kweli, na utambi ulikuwa umekauka kweli; baba na shangazi wote wawili walisema sawa, ila mmoja alitazama chombo na mwingine alitazama njia.

"Sasa nifanye nini, Shangazi?"

"Tupa huo utambi. Weka mwingine, uuloweshe, ungoje. Na siku ukiweza kukaa bila hicho chombo, hutahitaji kunisumbua mimi tena."

Ndivyo ilivyo. Mwenye kukitumia chombo hiki akitumie kwa akili, asilazimishe koo lake kuvumilia lile ambalo hata taa ya mafuta haikuvumiliwa. Zamani kibatari kilipotoa moshi, hakuna aliyekaa akauvuta usiku kucha kwa kuonea uchungu bei ya utambi. Kilizimwa, kikapozwa, kikakatwa utambi, kikatiwa mafuta. Pafu la mtu lastahili uangalifu huo huo, na zaidi.